Nta inakatika na ngozi inachubuka: tatizo si kopo ulilonunua

"Dada, shikamoo. Nina saluni ndogo na kwa miaka miwili nimekuwa nikitoa nywele za miguu na kwapa kwa nta ya kitambaa bila shida. Sasa wateja wanaomba huduma ya sehemu za siri, nikanunua nta ya moto, ile inayoganda na kuvutwa yenyewe. Nimehudumia watu sita. Nta inakatika vipande vipande nikivuta, hasa kwenye kinena, na nywele nyingi zinabaki zimekatika juu juu. Nikaambiwa niongeze moto. Nikaongeza, na mteja wa mwisho alitoka na wekundu mkali upande mmoja na ngozi imechubuka kidogo karibu na paja. Baada ya wiki mbili akanitumia ujumbe kwamba ana vipele vyenye usaha. Ninunue nta ipi iliyo bora zaidi? Na ni kweli kwamba nta ikiwa ya moto sana hufungua vitundu vya ngozi na nywele zikatoka kirahisi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nashukuru umeeleza yote, hata la mteja aliyechubuka, maana wengi huuliza "nta ipi nzuri" na sehemu hiyo wakaimeza. Kabla sijaenda mbali nakuomba jambo moja: usimpokee mteja mwingine wa sehemu za siri hadi uwe umefanya mazoezi nitakayoeleza hapa. Miguu na kwapa endelea nazo kama kawaida.

Umeniletea malalamiko matatu: nta kukatika, ngozi kuungua na kuchubuka, na vipele vya baadaye. Unayaona kama mambo matatu ambayo kopo jipya litayamaliza. Mimi naona kosa moja linalozaa yote: nta yako inashika ngozi badala ya kushika nywele. Na aliyekushauri uongeze moto amekusogeza karibu zaidi na kosa hilo.

Hilo la vitundu kufunguka si kweli. Kitundu cha ngozi hakina msuli wa kukifungua na kukifunga kama dirisha. Joto la wastani hulainisha ngozi na mafuta yake, na mteja hulegea kidogo, basi. Joto kubwa lina kazi nyingine kabisa. Nta iliyopita kiwango huwa nyepesi kama uji wa mgonjwa. Ukiipaka hutambaa, ikawa utando mwembamba. Huo utando ukipoa unakuwa kama ganda la yai: ukishika ukingo na kuvuta, unavunjika katikati. Papo hapo, kwa kuwa ilikuwa nyepesi, imeshaingia kwenye kila mkunjo mdogo wa ngozi na kung'ang'ania humo. Kwa hiyo moto ulioongeza ili nta isikatike ndio unaoikata, na ndio unaoinasisha kwenye ngozi. Ukiongeza tena, hali inazidi.

Hapo ndipo mkono wako wa miaka miwili unapokuponza, na sikulaumu. Nta ya kitambaa inataka kupakwa nyembamba kabisa, kiasi cha kuona ngozi chini yake, kisha kitambaa kinabeba kazi. Inashika nywele na pia seli zilizokufa za juu ya ngozi, ndiyo maana hatupiti mara mbili mahali pamoja. Nta ya moto haina kitambaa. Yenyewe ndiyo kitambaa. Kwa hiyo inatakiwa unene wa kutosha kujibeba, milimita 2 hadi 3, karibu sarafu mbili zilizopandana. Inapopoa husinyaa kidogo na kuukumbatia kila unywele kutoka pande zote, na kama chini yake kuna utando mwembamba wa mafuta, ngozi inaachwa huru. Ndiyo sababu ikawa nta inayofaa kwa nywele nene, zilizojikunja, zenye mizizi ya ndani, kama zile za kinena.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Sitakutajia jina la kampuni, maana majina hubadilika, na nta nzuri mkononi mwa mtu asiyejua joto lake bado itaunguza. Nitakwambia cha kutafuta.

Nta za moto ziko za aina mbili kubwa. Za zamani zina nta ya nyuki nyingi pamoja na utomvu wa msonobari. Zinashika kweli kweli, lakini huhitaji joto kubwa zaidi, na zikipoa sana huwa ngumu na kuvunjika. Za kisasa zimechanganywa na polima, vitu vya jamii ya plastiki vinavyozipa mnyumbuko. Huyeyuka kwa joto la chini, hupakika vizuri, na zikishaganda bado hupinda kama mkanda laini. Kwa mtu anayeanza sehemu za siri ningechagua hizi za pili bila kusita, kwa sababu zinakusamehe sekunde tano za kuchelewa. Zile za zamani hazisamehi. Hasara yake ni kwamba baadhi, hasa zile nyepesi mno, huteleza juu ya nywele nene sana za mtu aliyekuwa akinyoa kwa wembe miaka yote. Ukikutana na nywele za namna hiyo, utahitaji iliyo nzito kidogo kuliko uliyozoea.

Soma viambato. Utomvu wa msonobari huandikwa kwa jina la kolofoni au rosini, na ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana kuleta mzio wa ngozi. Umo pia katika gundi ya baadhi ya plasta za vidonda. Basi mwulize kila mteja: "Ukibandikwa plasta, ngozi huwasha au kuota vipele?" Akisema ndiyo, usimguse kinena kwa nta ya aina hiyo. Kwa mteja yeyote mpya, paka tone moja ndani ya mkono karibu na kiwiko, litoe, kisha subiri saa 24 hadi 48. Manukato na rangi nyingi kwenye nta havina faida yoyote kwa eneo hili. Nta isiyo na harufu na yenye weupe au rangi ya maziwa inatosha, na rangi hiyo isiyopitisha mwanga hukusaidia kuona ulipopaka na ulipobakiza. Punje ndogo ni rahisi kuliko vipande vikubwa kwa sababu unayeyusha kiasi cha mteja mmoja.

Kuna kitu kingine ambacho huenda kinakukatia nta bila wewe kujua: kopo lililoyeyushwa na kupoa, likayeyushwa tena, wiki nzima. Utomvu ukipashwa mara kwa mara hubadilika rangi kuwa kahawia, na nta inapoteza mnyumbuko. Ikianza kunuka kama kitu kilichoungua, itupe. Na nta iliyotoka kwenye mwili wa mtu hairudi kwenye hita kwa sababu yoyote ile, hata ukiichuja, hata ukiichemsha.

Kuhusu joto, fuata kiwango kilichoandikwa kwenye kopo lenyewe, lakini usiiamini namba ya kitufe cha hita peke yake. Nta ya pembeni mwa chombo huwa moto kuliko ya juu katikati, hivyo koroga kutoka chini kabla ya kila kuchota. Kumbuka pia kwamba maji ya nyuzi 60 za Selsiasi yanaweza kuunguza ngozi kwa kina ndani ya sekunde 5 tu. Nta ni mbaya kuliko maji kwa jambo moja: maji hutiririka yakaondoka, nta hubaki palepale na joto lake.

Iangalie nta inavyoanguka. Chota kwa kijiti, kiinue juu ya chombo na utazame. Ikidondoka matone matone kama mafuta ya kupikia, ni moto mno. Zima hita, usubiri. Ikining'inia bila kushuka, ni baridi mno. Unayoitaka hushuka taratibu kama asali nzito, utepe mpana unaojikunja juu ya nta iliyobaki na kukaa hapo kwa muda kabla haujazama. Ukishaiona, ipake kidogo ndani ya kifundo cha mkono wako. Usihisi kuungua, uhisi uvuguvugu tu. Kisha ipake kidogo ndani ya paja la mteja na umwulize. Fanya hivyo kila mteja, kila siku, hata kama umefanya kazi hii miaka kumi, kwa sababu joto la chumba hubadilika na hita huchakaa.

Nywele ziwe na urefu wa milimita 5 hadi 8 hivi, kama punje ya mchele. Fupi zaidi nta haipati pa kushika. Zikiwa ndefu zipunguze kwa mkasi au mashine, la sivyo utakuwa unavuta mateso tu. Aliyekuwa akinyoa kwa wembe asubiri wiki 2 hadi 3. Safisha eneo, likaushe kabisa, kisha paka mafuta ya kutanguliza nta. Nasema paka, simaanishi kukaanga. Matone mawili, yasambazwe kwa kiganja chenye glovu, halafu futa ziada kwa karatasi hadi ngozi ing'ae kidogo bila kulowa. Mafuta yakizidi, nta inateleza. Yakikosekana, inashika ngozi.

Paka vipande vidogo. Kwenye kinena upana wa vidole viwili au vitatu unatosha, na kwenye mashavu ya nje ya uke au kwenye korodani kipande kiwe kidogo zaidi. Kwanza tazama nywele zinaelekea wapi, maana kinenani hazina mwelekeo mmoja: juu zinashuka, pembeni zinaelekea katikati. Mahali zinapogawanyika, gawanya na nta. Sukuma nta kwanza kinyume cha nywele ili iingie chini yake, kisha irudishe kuelekea zinakolala, ukiminya kidogo. Ukingo wa mwisho uache mnene kuliko sehemu nyingine. Huo ndio mshikio wako. Kingo nyembamba ndizo zinazokatikia kwenye vidole.

Subiri. Gusa kwa ncha ya kidole: ikinata, bado. Ikiwa haiachi alama ya kidole, na ukikunja mshikio unapinda bila kutoa mlio, ni wakati wake. Ukingoja hadi iwe ngumu kama kucha umeshachelewa. Usivunje, paka nta nyingine nyembamba yenye uvuguvugu juu yake, itailainisha, na uvute zote pamoja.

Sasa mkono. Mkono mmoja unakaza ngozi, tena karibu kabisa na pale unapoanzia kuvuta. Ukishindwa kufika, mpe mteja glovu, mwonyeshe ashike wapi. Mkono wa pili unavuta kinyume cha nywele, kwa mara moja, chini chini, sambamba na mwili, kana kwamba unataka kuburuza kiganja juu ya ngozi. Mara tu nta ikitoka, bonyeza mahali hapo kwa kiganja, kwa uthabiti. Maumivu hupungua papo hapo. Nilipokuwa najifunza niliwahi kuvuta kwa kupandisha mkono juu. Nta ilikuwa sawa, joto lilikuwa sawa. Kesho yake yule dada alirudi akanionyesha alama ya zambarau kubwa kama kidole gumba, pembeni mwa kinena. Ngozi ilinyanyuka pamoja na nta, mishipa midogo ya damu ikapasuka. Nilimwomba radhi, na tangu siku hiyo sijawahi kuvuta kabla ya kuuliza mkono wangu wa pili uko wapi. Nikisoma maelezo yako kuhusu kuchubuka karibu na paja, pale ambapo ngozi ni laini na huning'inia, nashuku hukuikaza, juu ya lile joto.

Nywele zikibaki, nta ya moto inakuruhusu kurudia mara moja, ngozi ikiwa haijawa nyekundu sana. Zaidi ya hapo tumia kibanio, au ziache. Mteja wa kwanza hatatoka laini kabisa, na umwambie mapema, kwa sababu sehemu ya nywele zake wakati huo ziko chini ya ngozi, hazijachomoza. Akirudi kila baada ya wiki 4 hadi 6, kuanzia mara ya tatu hivi tofauti huonekana.

Nta inaishia kwenye ngozi ya nje yenye nywele. Haiingii kwenye utando wa ndani ulio laini na wenye unyevu, hata mteja akikuomba. Na kijiti kilichogusa mwili hakirudi kwenye chombo. Wapo wanaosema joto la nta huua vijidudu. Joto la kufanyia kazi haliui vijidudu kwa kiwango cha kutegemewa, wala huwezi kuviona. Chukua kijiti kipya kila unapochota, au mimina kiasi cha mteja mmoja kwenye kikopo chake na kinachobaki chote kitupwe. Vaa glovu za nitrili, kwa kuwa zile za mpira wa kawaida huharibiwa na mafuta.

Kuna wateja ambao huduma hii unawakatalia siku hiyo, kwa upole. Mwenye malengelenge au kidonda, mwenye chunjua sehemu za siri, mwenye ngozi iliyochubuka au iliyoungua na jua. Anayemeza isotretinoini kwa ajili ya chunusi, na aliyeiacha chini ya miezi 6, maana ngozi yake hutoka kama karatasi iliyolowa. Anayepaka krimu za tretinoini (za chunusi) au steroidi (za kutuliza uvimbe na muwasho) eneo hilo. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye kisukari kisichodhibitiwa, aanze kwa daktari wake. Mwenye asili ya makovu yanayovimba naye afikiriwe sana. Mjamzito anaweza, ila ngozi yake huwa na hisia kali zaidi na asilale chali muda mrefu. Siku za karibu na hedhi maumivu huweza kuongezeka. Wengi hupata nafuu wakija wiki moja baada yake. Krimu ya ganzi usimpake mtu kwa kukisia: ikipakwa eneo pana dawa huingia kwenye damu, na ngozi iliyokufa ganzi haitakwambia kwamba nta inaunguza. Aliye chini ya miaka 18 mimi simfanyii.

Na kwa kuwa anakuvulia nguo, mweleze utagusa wapi kabla hujagusa, funika sehemu usiyoifanyia kazi, simu zikae nje ya chumba, na akitaka kuwa na mtu wake pembeni, aruhusiwe. Akisema basi, ni basi, hata kama umebakiza nusu.

Vipele sasa. Wekundu na vivimbe vidogo kwenye mizizi ya nywele kwa siku moja au mbili ni kawaida. Vipele vya usaha baada ya wiki mbili ni kitu kingine: ama bakteria wameingia kwenye vitundu vilivyoachwa wazi, ama nywele zilizokatika zinakua kuelekea ndani. Kwako nashuku yote mawili, kwa kuwa umesema nywele zilibaki zimekatika. Unywele uliojikunja ukikatika chini kidogo ya ngozi, ncha yake hurudi kuchoma ngozi kutoka ndani, na kwenye ngozi nyeusi kila kipele huweza kuacha doa la miezi. Kwa saa 24 hadi 48 mteja aepuke maji ya moto, kuogelea, mazoezi ya jasho, kujamiiana, manukato na nguo za kubana. Avae chupi ya pamba. Kuanzia siku ya tatu au ya nne, kama ngozi imetulia, asugue taratibu kwa kitambaa laini mara mbili au tatu kwa wiki. Asitumbue.

Ukiunguza, weka eneo chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Siyo barafu, siyo dawa ya meno, siyo mafuta. Nta iliyonata usiibandue kwa nguvu. Na kuungua sehemu za siri, kukiwa na lengelenge au ngozi iliyotoka, ni suala la hospitali siku hiyohiyo, hata doa likionekana dogo.

Kuna wateja ambao baada ya yote haya nta haiwafai. Kila wakivutwa huota vipele. Kwao mashine ya kupunguza nywele bila kugusa ngozi ni bora, au waende kwa daktari wa ngozi kuuliza kuhusu leza. Uji mzito wa sukari unaopakwa ukiwa na joto la mwili pia ni njia nzuri, ila una ufundi wake wa mkono, na sitaki uongeze ufundi mwingine kabla ya huu kukaa.

Kwa wiki mbili zijazo fanyia mazoezi mguu wako mwenyewe, kisha kwapa la mtu anayekuamini, kwa nta hiyohiyo uliyonayo. Kama haijaungua kwenye hita, huenda hata huhitaji nyingine. Ukiweza kuvuta vipande kumi mfululizo bila kimoja kukatika, tafuta fundi mwenye uzoefu asimame nawe kwa wateja wako wa kwanza wa kinena, akutazame mikono. Hilo maandishi yangu hayawezi kulifanya.

Lakini leo, kabla ya mazoezi, mpigie yule dada mwenye vipele. Muulize kama vinaongezeka, kama kuna uvimbe wenye joto, kama ana homa au amevimba tezi za kinena. Kimoja tu kati ya hivyo kikiwepo, aende kwa daktari leo, na kama anahitaji mtu wa kumsindikiza, nenda naye.